Nauliza Kwanza Mnarudi Lini

Mtu akiingia ofisini kwangu akasema anataka kwenda kupumzika Zanzibar, au Mikumi, au kuwapeleka watoto Lushoto wakaonje baridi, swali langu la kwanza ni, "Mnarudi lini?" Baba mmoja wa Tabata aliwahi kunijibu, "Dada, hata hatujaondoka ushaanza kutufukuza!" Nikamcheka, nikamvutia kiti, nikafungua kalenda. Safari naipanga kuanzia mwisho, narudi nyuma siku moja moja mpaka nifike siku ya kuondoka. Sikuzaliwa na akili hiyo. Kuna familia ilinifundisha, na ada ya somo lile ilikuwa friji.

Ofisi yangu iko Sinza, Dar es Salaam, chumba kimoja na feni yenye kelele. Nilianza kazi hii ya uwakala wa safari mwaka 2012. Wateja wangu wengi ni watu wa hapahapa: walimu, wauguzi, wenye maduka Kariakoo, akina mama waliocheza upatu mwaka mzima ili waende kuogelea siku tatu bila kupikia mtu. Na wapo ndugu zetu wa ughaibuni, wanaotua Julai na Desemba na mabegi yasiyoingia kwenye teksi moja.

Hiyo familia ilikuwa ya ughaibuni. Mume, mke na watoto wawili, wanaishi Minnesota. Walikaa Moshi kwa bibi wiki mbili, wakamalizia Unguja siku nne. Ndege yao ya kurudi Marekani ilikuwa inaondoka Dar usiku, na mimi niliwakatia boti ya mchana siku hiyohiyo. Kwenye karatasi mambo yalikaa vizuri kabisa: boti chini ya saa mbili na nusu, teksi mpaka uwanja wa ndege, muda unabaki wa kula chipsi. Ila ilikuwa Julai, na Julai ni kusi. Upepo ulivuma tangu alfajiri, boti zikasimamishwa, na kila mtu aliyekuwa na shughuli Dar akakimbilia ndege ndogo. Kufikia saa saba mchana hakukuwa na kiti hata kimoja. Nilipiga simu mpaka sikio likawaka moto. Wale watu walifika Dar kesho yake asubuhi, ndege yao ikiwa imeshavuka mabara mawili, na kwa kuwa hawakutokea uwanjani, tiketi nzima ikawa imekufa.

Yule mama hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti hichohicho cha wateja, mtoto amemlalia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo dada, ulikuwa hujui kwamba Julai kuna upepo?" Nilikuwa najua. Mimi ni mtoto wa Bagamoyo, kusi naijua kwa harufu. Sikuwa nimeiunganisha na tiketi, basi. Nilichangia tiketi zao mpya kwa hela niliyokuwa nadundulizia friji.

Tangu siku ile sheria ya ofisini ni hii: usiku wa mwisho unalala kwenye mji wenye ndege yako. Mteja hunung'unika kwamba nampunguzia siku ya bahari. Namwambia Dar nako kuna bahari, na samaki wa Feri ni walewale.

Na tusiwalaumu wanaosimamisha boti. Nilikuwa na miezi michache tu kazini MV Skagit ilipozama tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar kwenda Zanzibar, karibu na Chumbe, bahari ikiwa imechafuka. Hata mwaka haukuwa umetimia tangu MV Spice Islander izame usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imejazwa watu kupita uwezo wake. Kila mtu wa Unguja na Pemba ana jina la mtu wake ndani ya vyombo hivyo. Kwa hiyo nikisikia boti imesitishwa, nashukuru kwanza, halafu ndipo naanza kuhangaika na mipango. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa madaraja matatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Zisome siku tatu kabla ya kuvuka, zinawekwa wazi kwa kila mtu. Na kwenye vimashua vya kwenda Changuu kuwaona kobe, hesabu majaketi okozi kabla hujapanda. Yakiwa machache kuliko vichwa, shuka, hata kama umeshalipa. Nahodha atakwambia bahari ni shwari. Jaketi halivaliwi kwa ajili ya bahari shwari.

Sasa tuje kwenye hela, maana najua wengi ndicho mlichofuata.

Watu huniomba punguzo, na punguzo langu la kweli liko kwenye tarehe. Hoteli ileile ya ufukweni, chumba kilekile, bei ya mwisho wa Desemba na bei ya Mei hazifanani hata kidogo. Julai na Agosti Wazungu wamejaa, Krismasi na mwaka mpya wamejaa wote, sisi na wao. Masika, kuanzia katikati ya Machi mpaka Mei, bei huanguka lakini mvua ni mvua kweli, na hoteli nyingine hufunga kabisa kufanya ukarabati. Watu wengi hawaitazami nusu ya kwanza ya Juni. Shule zetu zinafunga, mvua imechoka, na wageni wa Ulaya bado hawajafunga shule zao. Hapo mwenye hoteli ana vyumba na hana watu, na simu yako anaipokea kwa "karibu sana mama". Nimekaa na ujanja huu miaka mingi kama mtu anayeficha kisima. Leo nimeutoa.

Ukipiga simu, uliza bei ya mkaazi, yaani ya mtu anayeishi nchini. Hoteli nyingi zinayo, na nyingi hazikutajii mpaka utamke. Kisha uliza kilichomo: kifungua kinywa tu, au na chakula cha usiku? Huko Paje au Kizimkazi, ukiwa na watoto watatu na mgahawa uliopo ni wa hoteli peke yake, chumba cha bei ndogo kinaweza kukumaliza kwa chipsi na soda. Nimewahi kuona bili ya chakula imezidi bili ya kulala. Mama mmoja wa upatu alinionyesha risiti, akasema, "Mwanangu, hii pizza nimeila mimi au imenila?"

Halafu kuna maji. Jamani, maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijui mawakala wangapi wanalitaja hili, na mtu wa Mbeya au Singida hana sababu ya kulijua.

Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Paje, Bwejuu, Jambiani, Matemwe, ina mchanga mweupe kama unga, ila bahari yake inatembea. Maji yakipwa yanakwenda mbali mpaka unawaona akina mama wakihudumia mwani pale ambapo jioni kutakuwa na kina. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Na bamvua ya Unguja ina saa zake: maji hujaa mida ya saa kumi, ya usiku na ya jioni, na hupwa mida ya saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kila siku huchelewa kama dakika hamsini, mpaka baada ya wiki moja mambo yamegeuka, na hapo ni maji mafu, yasiyokwenda mbali wala kupanda sana.

Fikiria sasa familia imefika Paje Ijumaa jioni, mwezi mpevu. Jumamosi saa nne asubuhi watoto wamevaa nguo za kuogelea, wanatoka mbio, hakuna bahari. Kuna matope, mwani, na vishimo vyenye wadudu wa bahari wenye miiba ya kuchoma miguu. Nilipigiwa simu na baba mwenye hasira: "Dada, umetuuzia hoteli ya ufukweni, ufuko upo, bahari iko wapi?" Nikamwambia itarudi baada ya chakula cha mchana, awape watoto viatu waende kuangalia kaa. Ilirudi. Lakini kosa lilikuwa langu, ningemwambia mapema.

Kwa hiyo anayetaka watoto waogelee muda wowote nampeleka Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako maji hayakimbii namna ile. Bei ni kubwa zaidi, makelele ni mengi zaidi. Anayetaka utulivu na bei ya kuvumilika nampeleka mashariki, lakini naangalia mwezi. Ndiyo, nina kalenda ya mwezi ukutani kama mvuvi. Na mwenye kuogelea kidogo tu nampa onyo moja: maji yanapoanza kutoka, mtoto asiende karibu na mlango wa mwamba, yaani ule upenyo ambao maji hutokea kwenda bahari kuu. Mkondo wa pale unavuta mtu mzima.

Mbugani hesabu ni nyingine kabisa. Watu wengi wanaamini Serengeti ni ya wageni kwa sababu ya kiingilio. Si kweli. Kwa miaka mingi kiingilio cha Serengeti kwa mtu mzima raia wa Afrika Mashariki kimekuwa shilingi 10,000 kabla ya kodi, na mtoto shilingi 2,000, wakati mgeni analipa makumi ya dola. Kinachokula hela ni gari. Gari la kwenda mbugani, dereva, mafuta na posho vinagharimu karibu sawa ukiwa na watu wawili au sita. Ndiyo maana bibi na bwana wakija wawili wakaniuliza bei ya Serengeti huwa nawaangalia kwa huruma, na nikiletewa ndugu sita wa ukoo mmoja wanaovumiliana ndani ya gari siku tatu, nafurahi. Wasiovumiliana siwapeleki. Nimeona ndoa ya mtu ikitetereka Ndutu kwa sababu ya dirisha.

Mwenye hela ya wastani simpeleki Serengeti kabisa, namwambia aanze na Mikumi. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakufikisha Morogoro asubuhi na mapema; nauli iliyotangazwa ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 kwa daraja la kawaida, na Dodoma 31,000. Mkifika Morogoro mnachangia gari dogo la kuwasogeza, kisha ndani ya hifadhi mnachangia gari la juu wazi. Ikiwa mtapita tu na gari lenu kwenye barabara kuu inayokatiza hifadhi, mwendo ni kilomita 50 kwa saa na faini ya kumgonga mnyama si ya mchezo. Tembo naye havuki kwa kuangalia kushoto na kulia.

Kuhusu utapeli. Zamani tapeli alikuwa na ofisi, ukimtafuta unakuta imefungwa. Siku hizi ana ukurasa tu, wenye picha nzuri kuliko za hoteli yenyewe kwa sababu ameziiba hukohuko. Anakupa bei ya kukufanya uone aibu kuuliza mara mbili, anakwambia kimebaki chumba kimoja, tuma kianzio haraka. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alituma hela ya harusi ya dada yake hivyo, akapanda boti, akafika mapokezi na nguo zake nzuri, jina halipo.

Mimi nafanya hivi. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri nalisoma kwa sauti. Kama nalipa hoteli na linatokea jina la mtu binafsi, naacha. Naomba wanipigie kwa video, simu iwe mkononi mwa mtu aliyesimama mapokezi, aniletee kamera mpaka kwenye kibao cha nje. Mwenye hoteli halali hucheka na kufanya. Tapeli huanza kueleza mtandao ulivyo dhaifu. Wakala wa safari Bara anatakiwa awe na leseni ya biashara ya utalii, ile tunayoiita TALA, nayo inahuishwa kila mwaka, kwa hiyo muulize ya mwaka huu. Zanzibar kazi hiyo ni ya Kamisheni ya Utalii. Niulize na mimi, sitachukia. Leseni yangu iko ukutani, jirani na kalenda ya mwezi.

Wa ughaibuni wana mitego yao. Watoto waliozaliwa Marekani wenye pasipoti ya huko wanahitaji viza, na ya Mmarekani ni dola 100 kwa kichwa, wakati ya mataifa mengine mengi ni 50. Ukiiomba mtandaoni, hakikisha anwani ya tovuti inaishia na go.tz. Kuna tovuti zinazofanana na ya Uhamiaji kama pacha, zinakutoza juu yake. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari ya hukohuko, dola 44 kwa mtu mzima. Kwa familia yenye watoto wanne wenye pasipoti za nje, hesabu hiyo ifanyike kabla ya kununua zawadi za wajomba.

Mtego mkubwa kuliko yote ni malaria, na hapa nabishana na mabibi wa nchi nzima. Mtoto aliyekulia Minnesota au Leicester hana kinga ya mtoto wa Kilosa. Bibi atasema, "Huyu ni damu yetu, mbu wa hapa wanamjua." Hawamjui. Mama amwone daktari hukohuko anakoishi wiki kadhaa kabla ya safari, apewe dawa za kujikinga, na dawa zenyewe zinaendelea hata baada ya kurudi. Wengi huziacha siku ya kupanda ndege. Homa ikitokea wiki moja, mbili, au hata zaidi baada ya kufika nyumbani, daktari aambiwe sentensi ya kwanza kabisa: tulikuwa Tanzania. Daktari wa nchi ya theluji hataiwaza malaria mwenyewe.

Ndiyo maana nasema naanza na kurudi. Kurudi hakuishii uwanja wa ndege.

Kuna fungu pia nawalazimisha walitenge, nalo tunaliita hela ya kurudi. Linakaa kwenye laini nyingine ya simu, ikiwezekana ya mtu ambaye hayuko safarini. Nauli ya kurudi hata kama tiketi ipo, usiku mmoja wa kulala, na chakula cha siku hiyo. Boti ikisimama, gari likiharibika Chalinze, mtoto akitapika njia nzima, hapo ndipo linapofunguliwa. Lisipoguswa, mnakula kuku siku ya kufika. Kikundi kimoja cha upatu walilitenga na kulila Forodhani usiku wa kwanza, kwa urojo na mishikaki. Nilipowapigia wakaniambia, "Dada, tumerudi rohoni." Sikuwa na jibu.

Mafia nitaitaja upesi. Nzuri, tulivu, papa potwe wanaonekana kuanzia Oktoba mpaka Machi, na bei haijaharibika kama ya Unguja. Lakini vyombo vya kutoka Nyamisati vinategemea sana bahari na maji, na ndege ni ndogo. Mwenye kazi ya Jumatatu asubuhi asiende Mafia wikiendi.

Wiki iliyopita alikuja baba wa familia ya watu watano, anakwenda Rombo kula Krismasi. Kila mtu wa Dar anajua Desemba ya kwenda Kilimanjaro: basi zimejaa, nauli iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iko ukutani, na pembeni yuko kijana mwenye tiketi alizolangua akikutajia nauli yake. Nikamwuliza, mnarudi lini? Akasema tarehe 2 Januari, au 3, wataona hukohuko. Nikamwambia kwenda Rombo atafika hata kwa kubanana, lakini wakati wa kurudi anashindana na Wachagga wote wa Dar, siku tatu zilezile, wenye ndizi na mbuzi.

"Mabasi ya usiku si siku hizi yapo?" akauliza.

Yapo, tangu 2023 yameruhusiwa. Nikamwambia anaweza, ila mimi familia yenye watoto siikatii usiku nikiwa na la alfajiri. Dereva wa mwanzo wa Januari amekwenda na kurudi wiki mbili mfululizo, na ile barabara ina malori. Kama hakuna la alfajiri, basi warudi siku mbili mapema au siku mbili baadaye, wasafiri mchana.

Akafikiri. Akampigia mkewe, wakabishana kidogo kwa Kirombo, nikasikia neno "shule" mara tatu. Mwishowe akakubali tarehe 5, la saa kumi na mbili asubuhi, siti tano, mbili za mbele nyuma ya dereva kwa ajili ya mtoto anayetapika. Nikazikata hizo kwanza, nikampa karatasi.

"Na za kwenda?" akauliza.

"Hizo sasa ndiyo tunazitafuta," nikamwambia, nikavuta simu.